Soda ya Mkataji

Kwenye ile karakana ya ushonaji vyerehani vilikuwa vingi, lakini meza ya kukatia ilikuwa moja. Ndefu, imesukumwa mpaka chini ya dirisha kubwa, imechakaa kingo kwa matumbo ya walioiegemea. Aliyesimama nyuma yake ndiye aliyekuwa mtu. Waliobaki walikuwa mafundi tu. Na kwa miaka yote ambayo wateja waliweza kukumbuka, aliyesimama pale alikuwa mwanamke mmoja mnene wa mabega, aliyeitwa Mkasi.

Jina hilo hakulipata kwa kazi peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unakata, tena hauhitaji kunolewa. Mteja akija ametanguliza kitambi, anadai suruali ya kiuno cha ujana wake, Mkasi alimtazama kwa huruma ya uongo akamuuliza, "Hiki kiuno unachokitaja, baba, ulikiacha wapi? Tumtume mtu akakichukue." Mteja alicheka, akapimwa upya, na mwaka uliofuata akarudi akiwa mnene zaidi.

Mwenye karakana, mzee aliyeitwa Tepe kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila tepe ya kupimia shingoni, alimwachia meza siku mikono yake mwenyewe ilipoanza kutetemeka. Mkasi aliipokea kama mtu anavyopokea kiti cha enzi. Mumewe alikuwa fundi bomba, mpole, mtu wa maneno machache na viatu vilivyoloa. Wakapata binti. Na mume alipomwomba amtafutie dada yake kazi, Mkasi alikwenda kwa Tepe, akamsifia wifi yake sifa ambazo hakuwa nazo, akamshika mkono, akamketisha kwenye cherehani kilichokuwa karibu kabisa na meza. Kwa hiyo mambo yaliyofuata alijiingizia nyumbani mwenyewe, tena kwa mlango wa mbele.

Sasa, karakana ile ilikuwa na utaratibu wake. Mteja mwenye haraka hakwenda kumlilia Tepe. Alikuja na soda baridi, akaiweka kwenye kona ya meza ya kukatia, akasalimia, akaondoka. Mkataji akiifungua, kitambaa chako kimepanda foleni. Akiiacha ipate joto, nenda kavumilie. Kuikataa kabisa lilikuwa tusi, maana yake ni kwamba hata kazi yako siitaki. Mkasi hakuwa mtu wa kutukana wateja kwa njia hiyo, alikuwa na njia nyingine bora zaidi. Akawa anazifungua. Ya asubuhi ilishushia mkate na chai ambayo kijiko kilisimama kwa sukari. Ya mchana ilishushia wali uliopakuliwa kama kichuguu. Za jioni zilikuwa za kumalizia tu, chupa zisije zikalala peke yao. Akanenepa, na watu wakamwambia meza inampenda.

Kiu ilianza bila kupiga hodi. Akinywa anataka tena, na akishakunywa miguu inajua njia ya chooni bila kuuliza. Halafu macho. Mstari wa chaki ukawa kama umechorwa na mtu aliyepanda gari. Alisema ni vumbi la vitambaa. Akasema ni dirisha halijafutwa. Akalifuta dirisha.

Siku aliyokata suti ya bwana harusi mmoja, mguu mmoja wa suruali ulitoka mfupi kuliko mwenzake, na siyo kwa ufupi wa kubishania. Bwana harusi alisimama mbele ya kioo akiwa amevaa, akajitazama chini, akasema taratibu, "Mama, mimi nina miguu miwili inayolingana. Nimekuja nayo."

Mafundi wakainamia vyerehani vyao. Aliyecheka alikuwa mmoja. Wifi alicheka mpaka akaegemea cherehani, akajifuta machozi kwa kipande cha bitana, kisha akainuka, akauchukua mkasi mkubwa mezani, akauweka upande wake. Kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

Tepe alimpeleka Mkasi zahanati siku ileile. Walimtoboa kidole, mashine ikatoa namba ambayo muuguzi aliitazama, akaifuta mashine, akapima tena. Namba haikubadilika.

"Sukari, mama. Na siyo ya jana," muuguzi alisema. "Macho yako yanaogelea ndani ya sukari. Ikiachwa itakwenda kwenye figo, itakwenda kwenye miguu, itakwenda kwenye moyo. Ina subira kuliko wewe. Kwenu kuna mwenye nayo?"

Mama yake Mkasi alikuwa nayo. Hilo Wifi alilijua, na kesho yake karakana nzima ikalijua.

"Kwao ndiko kuliko," Wifi alikuwa anawaambia wateja, sauti ya msibani, mkasi mkubwa ukiwa mkononi mwake. "Sisi kwetu hatuna mambo hayo. Kaka yangu maskini, alikwenda kuoa mke na ugonjwa juu, kama nyongeza. Lakini mwacheni wifi yangu apumzike. Vifungo navyo vinahitaji mtu."

Ndivyo Mkasi alivyoshushwa. Kutoka mezani mpaka kwenye kigoda cha vifungo, pembeni ya pasi, mgongo kwa dirisha. Tepe hakumtazama usoni alipomwambia. Mkasi hakulia. Alikaa, akatia uzi kwenye sindano baada ya kukosa mara nyingi huku Wifi akihesabu kwa sauti, na hapo hapo, kwenye kile kigoda, akaapa. Meza ile atairudia. Na aliyeichukua ataiacha kwa aibu ileile, mbele ya macho yaleyale.

Watu wengine hufuata masharti ya daktari kwa kuogopa kufa. Mkasi aliyafuata kwa chuki, na chuki ni mpishi mzuri. Kichuguu cha wali kikawa bakuli, bakuli likawa ngumi. Nusu ya sahani ikawa mboga za majani, robo maharage au samaki, kama muuguzi alivyomchorea kwa kidole juu ya meza. Chai ikanywewa bila sukari, na kila alipokunja uso kwa ukavu wake alimfikiria Wifi, ikateremka. Vidonge alivimeza kama anameza jina la mtu. Alitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi, na majirani waliomwona anavyokanyaga lami walidhani anamfuata mwizi.

Mume alimtazama akisukuma mkate pembeni, akasema, "Mke wangu, siku hizi unanitisha."

"Siyo wewe," Mkasi alimjibu. "Wewe kula."

Haraka ndiyo iliyomponza. Macho yalikuwa bado na ukungu, naye hakutaka kusubiri hata wiki, basi akaenda kwa muuza miwani, akajaribu moja baada ya nyingine mpaka ulimwengu ukakaa sawa. Akatoka pale anasoma vibao vya maduka kwa sauti. Akamwambia Tepe yuko tayari, apewe jaribio. Tepe alijivuta, akajikuna, akasema basi, kuna gauni la mteja mvumilivu, utakata mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Mkasi alisimama nyuma ya meza yake amevaa miwani, na chaki ikamkimbia tena. Alikata. Kwapa la gauni lilitoka mahali ambapo hakuna binadamu mwenye kwapa.

"Mpeni na fimbo nyeupe," Wifi alisema. Safari hii walicheka wengi.

"Ulinunua miwani ya sukari," muuguzi alimweleza alipokwenda zahanati amevimba kwa hasira. "Sukari ikiwa juu, jicho linajaa na kubadilika umbo. Miwani ukaichagulia jicho lile lililojaa. Sasa sukari imeshuka, jicho linarudi lilivyokuwa, miwani ndiyo inayokupoteza. Subiri litulie, mama. Huenda hata usiihitaji."

"Nisubiri?"

"Subiri tu. Una mtu wa kumfukuzia?"

Mkasi alichukua mkoba wake, akatoka. Lakini alisubiri, na macho yakatulia. Asubuhi moja alivua ile miwani kuifuta akakuta anauona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, hata misokoto ya uzi wenyewe. Angeweza kumwita Tepe palepale.

Badala yake aliirudisha miwani puani. Akaishusha kidogo, awe anachungulia juu yake. Akapapasa kifungo, akajifanya hakioni, akakidondosha.

"Kiko hapo mguuni, kipofu," Wifi alimwambia.

"Asante, wifi yangu. Mungu akuongezee."

Maana Mkasi alikuwa ameshaona jambo. Kona ya meza ilikuwa imejaa chupa. Wateja hawakujali nani amesimama pale, walijua soda ni ya mkataji. Na Wifi, aliyeitamani ile heshima tangu siku ya kwanza, alizifungua zote. Alikuwa anazifungua kwa mlio, makusudi, Mkasi asikie. Meza iliyomlisha Mkasi ilikuwa sasa inamlisha mwingine.

Hakuhitaji kumwekea mtu sumu. Alihitaji kuwa mwema. Mteja akisimama mlangoni anashangaa, Mkasi ndiye aliyemwita kwa sauti ya chini, "Una haraka, dada? Mkataji wetu anapenda ya chungwa. Kubwa." Mume akimbebea matunda, alikula nusu ya chungwa moja, yaliyobaki akamkamulia Wifi juisi, akaitia sukari kwa mkono mkunjufu. Wifi aliona ni dalili ya kushindwa. Alipokea kama malkia anavyopokea kodi.

"Umejua nafasi yako," alimwambia.

"Nimeijua kabisa," Mkasi alisema, akashona kifungo.

Akangoja. Kwenye kile kigoda, akigeuza shingo kidogo, alikuwa anamsoma wifi yake kama watu wanavyosoma mawingu. Jagi la maji lilianza kuhamia karibu na meza. Wifi akawa anakwenda uani, anarudi, anakwenda. Kidonda kidogo cha sindano kwenye kidole gumba kikakataa kupona, akakifunga kitambaa, akakifungua, akakifunga tena. Halafu, siku moja iliyokuwa tamu kwa Mkasi kuliko soda zote alizowahi kunywa, Wifi alilitazama dirisha, akachukua kitambaa kilicholowa, akalifuta.

Hapo Mkasi alijua vizuri sana anachokiona. Alijua na namna ya kukizuia: kidole kimoja, tone moja la damu, nusu saa ya kutembea mpaka zahanati. Akainamia vifungo vyake.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya hoteli. Makoti ya wahudumu, kitambaa cha bluu kilichotandazwa tabaka juu ya tabaka mpaka meza ikawa kama kitanda, na kwa kazi za namna hiyo mkato mmoja hupita tabaka zote. Ukikosea, hukosei koti, unakosea hoteli. Wifi alichora tangu asubuhi. Alikuwa anainama mpaka pua inagusa chaki, anainuka, anapangusa macho. Mkasi alipita nyuma yake amebeba kikapu cha vifungo, akatupa jicho juu ya miwani.

Mstari wa bega ulikuwa umekwenda ndani upana wa vidole viwili. Mikono isingeingia makotini hata kwa kusukumwa.

Alisimama. Inabidi isemwe alisimama kwa muda wa kutosha. Kichwani alifanya hesabu ya fundi: kitambaa kikikatwa vile, mikono ikiachwa, mbele ikichongwa, vitatoka vizibao, tena vizuri, na wahudumu wa hoteli wanapendeza kwa vizibao. Tepe hatafilisika. Atakayeumia ni mmoja. Alipomaliza hesabu alikwenda kukaa, akapanga vifungo kwa rangi, akasikiliza.

Mkasi mkubwa una sauti yake ukipita kwenye kitambaa kingi, kama ng'ombe anayetafuna. Ulitafuna mpaka mwisho.

Tepe alipoinua kipande cha kwanza na kukipima begani kwa mmoja wa mafundi, hakuna aliyecheka. Wifi alikinyang'anya, akakisogeza usoni, akakipeleka mbali, akakisogeza tena. "Chaki," alisema. "Chaki ilikuwa mbovu." Na kwa kuwa hata yeye hakuiamini sauti yake, akaketi juu ya marobota ya vitambaa.

Mkasi aliinuka kutoka kwenye kigoda. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya kikapu cha vifungo. Akatembea mpaka mezani huku wote wanamtazama.

"Vizibao," alimwambia Tepe. "Niletee chaki."

Akachora bila kuinama. Akakata. Mpaka jioni vizibao vya kwanza vilikuwa vimetundikwa, mtu wa hoteli amekuja, amevigeuza, amesema kumbe hivi ndivyo walivyotaka tangu mwanzo. Tepe akamsogezea Mkasi kiti cha nyuma ya meza. Mkasi akamgeukia wifi yake, mbele ya macho yaleyale.

"Vifungo navyo vinahitaji mtu," alisema.

Nyumbani alipakua ngumi yake ya wali akiwa anaimba. Alimsimulia mumewe yote, na hakuficha, alikuwa anajiona amefanya kazi safi. Alimwigiza Wifi anavyopapasa, anavyokwenda uani, anavyofuta dirisha. Binti yao, mwanafunzi wa sekondari, alicheka hadi akapaliwa, akashushia kwa bilauri ndefu ya juisi ya unga.

Fundi bomba hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Kwa hiyo dada yangu anayo," alisema.

"Anayo mpaka utosini. Yule aliyesema kwenu hamna."

"Basi kwetu ipo." Alikuwa anaongea polepole kama anavyotafuta bomba linalovuja. "Kwenu ipo, na kwetu ipo." Akamtazama binti yao, akaitazama bilauri. "Na huyu ametoka kote kuwili."

Mkasi alinyoosha mkono akaivuta bilauri, binti akaishikilia, wakavutana kidogo juu ya meza kama watu wa gulio mpaka binti akaachia kwa kuona sura ya mama yake.

"Nimefanya nini mimi?"

"Hujafanya kitu. Kunywa maji."

Mkasi hakumaliza chakula. Alikuwa ameshinda, alikuwa na haki ya kushinda, na sasa kila alipotaka kuonja ushindi wake aliuona uso wa binti umekaa katikati, pua ya upande wake, macho ya Wifi. Macho ya Wifi kabisa. Hakuwahi kuona vizuri namna hiyo.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa wifi yake kabla ya kazi. Alimkuta ameketi kitandani, chumba kizima kina harufu ya mtu asiyekwenda kazini.

"Vaa viatu."

"Umekuja kunicheka mpaka chumbani kwangu?"

"Nitakucheka njiani. Vaa."

"Sina ugonjwa. Kwetu hatuna."

"Kwenu mnao, na mwanangu, siku ukimpata, atakutazama wewe ajue la kufanya. Shangazi yake akijifungia mpaka macho yazime, na yeye atajifungia. Sitakubali umfundishe hilo. Wifi, sikupendi. Nisikilize vizuri. Sikupendi hata kidogo, na ndiyo maana sitaki ufe. Ukifa nitamringia nani?"

Wifi alivaa viatu. Kushoto kulia, kulia kushoto, Mkasi akambadilishia kwa hasira. Barabarani alimshika mkono kwenye ngazi na mitaro, kwa nguvu iliyozidi kidogo ile iliyohitajika.

Kwenye benchi la zahanati walikaa bega kwa bega. Wifi alisema, bila kugeuka, "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jagi lilipohama."

"Na ule mstari. Ulipita nyuma yangu, nilisikia kikapu. Uliuona?"

"Niliuona."

Wifi alikifungua kile kitambaa cha kidole gumba, akakitazama kidonda kwa karibu sana, akakifunga.

"Mimi ningekuacha ukate na kidole," alisema.

"Najua."

Muuguzi akaita. Alimtoboa Wifi kidole, namba ikatoka, akafuta mashine, akapima tena, kisha akaanza: macho, figo, miguu, moyo, subira. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameuma meno. Muuguzi alipomaliza, Wifi akauliza.

"Huyu," akamwelekezea Mkasi kidevu, "alipokuja mara ya kwanza, ilikuwa juu kuliko yangu?"

"Mambo ya mgonjwa mwingine hatusemi."

"Ilikuwa juu," Mkasi alisema. "Kwa namba yako hiyo, hata kuumwa hujui."

"Na macho yalichukua muda gani kurudi?"

"Muda mrefu. Kwa mtu mwenye akili."

Wifi alipokea vidonge vyake, akavisogeza puani kuyasoma maandishi, akashindwa, akavitia kifuani. "Mimi sitanunua miwani," alisema. "Nitangoja yatulie. Nitakula majani kama mbuzi, nitatembea mpaka soli ziishe. Halafu nitakwenda kwa Tepe nimwombe jaribio. Ile meza nitakunyang'anya, wifi, tena mchana kweupe."

"Wali uishie ngumi moja," Mkasi alimwambia. "Siyo ngumi ya kaka yako, ngumi yako. Na chai usitie kitu. Ukikunja uso, nifikirie mimi, itateremka."

Wakatoka. Kwenye ngazi Mkasi alimshika tena mkono, na Wifi akamwacha amshike, akimlaani kwa kila ngazi.